Hewani Bila Muhuri

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani, kwa sababu ramani yake iko mezani kwa mkurugenzi ikisubiri saini tangu mwaka wa uhuru. Msomaji atakayedhani anaifahamu atakuwa amekosea, na namshauri kosa hilo alifanye kimyakimya.

Mimi ni mtumishi wa nchi hiyo. Naitwa Kondo, Karani wa Muhuri wa Taifa, ngazi ya pili, nusu ya juu. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu imekuwa moja: kubeba kisanduku cha mninga chenye muhuri, kukifungua nikiamriwa, kuupulizia muhuri pumzi, kugonga, kuufuta kwa kitambaa, kuurudisha ndani. Sijawahi kusahau kuufuta. Nimepewa cheti kwa hilo, na cheti chenyewe nilikigonga mimi.

Muhuri ni mmoja nchi nzima. Zamani ilikuwepo miwili, lakini siku moja mmoja ukaruhusu kitu ambacho mwenzake alikuwa amekikataza, na kwa saa sita wananchi hawakujua kama mvua iliyokuwa ikinyesha ni halali. Ukayeyushwa mmoja. Kwa sheria yetu, jambo lisilogongwa muhuri halijatokea. Mtoto asiye na cheti hajazaliwa, hata akilia namna gani. Marehemu asiye na hati hajafa, na familia yake inaombwa iendelee kumwandalia chakula. Ni utaratibu mzuri, unapunguza sana matukio.

*

Mtaa ninaoishi unaitwa Kisimani, kwa kuwa una kisima. Ni cha zamani, maji yake ni matamu, na mke wangu, Mama Riziki, huchota ndoo sita kwa siku. Mwezi wa tatu Waziri wa Maji na Furaha alikuja kutuzindulia bomba. Alikuja na matarumbeta na kapeti jekundu, akasimama mbele ya bomba lililopakwa rangi ya fedha, akasema:

"Ndugu wananchi, kuanzia leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, kiu imepigwa marufuku katika mtaa huu. Atakayeonekana ana kiu, tujue anatumika."

Akafungua. Maji yakatoka dakika nane, picha zikapigwa, Waziri akanawa mikono mara tatu ili wapiga picha waliochelewa nao wapate. Kisha akaondoka, na tangu siku hiyo bomba halijatoa hata tone. Lakini kila jioni, kabla ya taarifa ya habari, televisheni ya taifa huonyesha zile dakika nane, na chini ya picha pameandikwa MUBASHARA. Mama Riziki hukaa na ndoo tupu mapajani akitazama maji ya mtaa wake mwenyewe yakimwagika kwenye televisheni.

Sasa, kwa kuwa bomba linatoa maji, kisima hakina kazi. Kikaitwa mabaki ya ukoloni, kikapangiwa kufukiwa siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, kwa tipa la kifusi.

Msilione dogo. Mwaka jana wenzetu wa Mtaa wa Kokoto nao walizinduliwa bomba, na kisima chao kikafukiwa. Bomba lao lilitoa maji dakika sita. Wakaanza kuchota mtaroni. Hadi mvua zinakatika walikuwa wamezika watu kumi na tisa, na wanane kati yao walikuwa hawajaanza hata shule. Taarifa ya serikali ilisema watu hao wamekufa kwa kukosa subira. Taarifa hiyo niliigonga mimi, nikaufuta muhuri kwa kitambaa, nikaurudisha ndani. Jioni ile nilishindwa kula, nikamwambia mke wangu ni jino.

*

Nyumba iliyo mkabala na bomba ni ya Mwalimu Perpetua Ngonyani, mwalimu wa fizikia mstaafu. Amefundisha nusu ya baraza la mawaziri, na anakumbuka alama za kila mmoja. Ndiyo sababu haalikwi kwenye sherehe.

Siku anastaafu, shule ilimpa kompyuta ya mezani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuiwasha. Jumapili ile kabla ya Ijumaa ya kifusi nilimkuta ameisogeza mpaka dirishani, ametandaza waya sakafuni, na miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kondo. Usikanyage waya huo. Ndio unaotoka kwenye mtandao. Ule usio na waya unakatikakatika, na mimi sitaki mtu aseme nilikata."

"Unafanya nini, Mwalimu?"

"Nawarushia watu bomba letu. Mubashara ya kweli."

Akanieleza kama alivyokuwa akiwaeleza wanafunzi. Kamera, kijicho cha ukubwa wa kidole gumba, inatazama bombani. Kompyuta inaikata picha vipande vidogovidogo, mtandao unavisafirisha, na kwa mtu aliyeko mbali vinaungwa tena, vikiwa vimechelewa sekunde chache tu. Akasema watu wengi wakitaka kurusha hupima kasi ya mtandao ya kushusha, wakati kinachotakiwa ni kasi ya kupandisha, na ya kwake ni ndogo.

"Lakini haina neno," akasema. "Nimeiwekea picha tano kwa sekunde. Kitu chenyewe hakisogei. Sauti nitaiacha wazi, wasikie kimya chake."

Kwenye fremu ya dirisha alikuwa ametundika saa ya ukutani, ionekane kando ya bomba, ili mtazamaji aone mshale unatembea na maji hayatembei. Nyuma ya bomba, hatua kumi hivi, kisima nacho kilionekana vizuri, na akina mama wamepanga foleni.

Tatizo lilikuwa moja. Kamera ilikaa chini mno, kizingiti cha dirisha kikaificha koki. Alijaribu nusu tofali, ikatazama mawingu. Alijaribu khanga iliyokunjwa, baada ya dakika kumi ikalala. Mwishowe akaiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, ambalo nalo lilikuwa linateleza.

"Nahitaji kitu cha urefu wa kiganja," akasema, "kizito, chenye kitako bapa."

Nilitazama kisanduku changu, kisha nikatazama pembeni.

"Mwalimu, kibali unacho?"

"Kesho naenda kuomba. Wakinikuta narusha bila kuomba watanibeba kabla ya Ijumaa. Nataka wanikatalie kwa maandishi, ili wakiulizwa waliwahi kuambiwa, wasiseme hawakuambiwa."

*

Vibali vya hewani hutolewa dirisha namba saba. Mkurugenzi wa Mambo ya Hewani, Mheshimiwa Gwakisa Lubasha, hukaa nyuma ya dirisha hilo mwenyewe, kwa sababu hamwamini mtu mwingine kukataa ipasavyo. Mimi nilikuwa pembeni yake na kisanduku.

"Fomu umeijaza vizuri, mama," alisema, akiipindua. "Ila hujaambatisha nakala ya matangazo."

"Nakala ipi?"

"Ya hayo matangazo ya moja kwa moja. Kifungu cha tisa: matangazo yote ya moja kwa moja yawasilishwe siku saba kabla ya kutokea."

Mwalimu Perpetua alimtazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyesema jua ni baridi. "Nikuletee leo kitu kitakachotokea wiki ijayo?"

"Wenzako wanaleta. Televisheni ya taifa haijawahi kushindwa. Hotuba ya Rais ya mubashara tunaipokea Alhamisi, na makofi yamo. Mwaka juzi alilia mubashara kwenye msiba wa mzee mmoja mashuhuri, na mzee mwenyewe alikuja kufariki siku nne baadaye, akiwa ameshaarifiwa."

Ni kweli. Nakumbuka nilimgongea hati ya kifo.

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa diski. "Sawa. Hii ni saa moja ya bomba la Kisimani. Nimeirekodi jana. Halitoi maji. Kesho litakuwa hivi hivi, na keshokutwa, na siku saba zijazo. Hiyo ndiyo nakala yako."

Mheshimiwa akaiweka diski kwenye sikio, akaitikisa, akairudisha. "Mama, hapa unatabiri. Kutabiri ya kesho ni kazi ya Tume ya Mipango. Nikikuachia wewe utabiri, na ukapatia, wao watasemaje?"

"Basi nikatalie, uandike."

"Siwezi kukukatalia kabla ya ukaguzi. Sisi si washenzi. Jumatano kamati inakuja kwako kukagua vifaa. Kifungu cha kumi na nne: vikaguliwe vikiwa vinafanya kazi."

"Vikifanya kazi, mheshimiwa, ndiyo vinarusha."

"Haviwezi kurusha," alisema Mheshimiwa Lubasha kwa upole wa mtu anayemwelewesha mgonjwa. "Havina muhuri."

*

Jumatano kamati ikaenda. Kamati ilikuwa watu watatu: Mheshimiwa Lubasha akiwa na tai ya kijani, Mhandisi Rwechungura wa Wizara ya Maji na Furaha, na mimi na kisanduku. Mwalimu alitufungulia mlango bila kutabasamu. Mheshimiwa alivua viatu, akakaa kwenye kochi, akanyoosha miguu, soksi moja ikiwa imetoboka gumbani, akauliza kama chai ipo.

"Majani yapo," akasema Mwalimu. "Maji, bomba lile pale, mheshimiwa. Kachote."

Mhandisi akakohoa. Mheshimiwa akasema si lazima.

"Washa mitambo," akaamuru.

"Nikiwasha tutakuwa hewani."

"Washa, mama."

Akawasha. Kioo kikaonyesha bomba, saa ya ukutani na kisima. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na namba, ikawa moja, ikawa nne, ikawa tisini. Jamaa na wanafunzi wa zamani wa Mwalimu walikuwa wameambiwa tangu Jumapili, na kila mmoja alikuwa amemwambia mwenzake.

"Tuko hewani," akasema Mwalimu Perpetua, kwa sauti ya kusomea mahudhurio. "Nimewaambia."

"Hatuko," akasema Mheshimiwa. "Kondo, kisanduku kimefungwa?"

"Kimefungwa, mheshimiwa."

"Basi. Igeuze kamera hiyo, itutazame sisi. Nataka kujua kama ina adabu mbele ya viongozi."

Mwalimu akaigeuza. Mheshimiwa akajiona kwenye kioo, akanyoosha tai, akageuza shavu la kushoto, akageuza la kulia, akaridhika. Akauliza ile namba pembeni ni ya nini, maana sasa ilisoma elfu mbili mia nne na kumi.

"Watu wanaotuangalia."

Mheshimiwa akacheka mpaka kochi likalia. "Hawawezi kutuangalia. Hawana kibali cha kuangalia."

Chini ya picha maneno yalianza kupita. Mhandisi alisogea akayasoma. "Mheshimiwa, kuna mtu ameandika, mwenye tai ya kijani soksi yake imetoboka."

"Hao ni watu wa majaribio. Mtengenezaji huwaweka humo kompyuta ikitoka kiwandani."

"Sawa," akasema Mhandisi, ambaye amesoma ng'ambo miaka saba.

Kwa kuwa ukaguzi hauwezi kuchukua chini ya saa moja, na vifaa vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa kutazamwa, ilibaki dakika hamsini za kupiga soga. Mheshimiwa akapeleka macho nje dirishani.

"Hivi, Mhandisi, bomba lile lina shida gani hasa?"

Mwalimu Perpetua alisema, "Nawakumbusha, tuko hewani." Mhandisi akamgeukia Mheshimiwa.

"Halina shida, mheshimiwa. Halijaungwa na kitu. Limesimikwa kwenye zege, basi. Siku ya uzinduzi tuliweka pipa nyuma ya hema, na kijakazi wa Waziri alikuwa anamimina kwa ndoo."

"Na paipu?"

"Ziko kwa Waziri. Zinapeleka maji kwenye bwawa la samaki wake. Samaki wale ni wa nje, wanataka maji yanayotembea."

"Aa," akasema Mheshimiwa, kwa kuelewa. "Na kisima, kwa nini tusikiache tu?"

"Kisima kikiwepo watu wanalinganisha. Wanaona huku maji, huku hakuna. Pale Kokoto tulipofukia, nani alilinganisha tena?"

"Kweli. Ila wale kumi na tisa walitusumbua."

"Kidogo tu. Daktari wa wilaya aliandika kipindupindu. Tukamwandikia uhamisho, akaja mwingine akaandika subira. Hapa Kisimani nimepiga hesabu hawatazidi thelathini, mtaa ni mkubwa kidogo."

Thelathini. Alilisema kama mtu anayeagiza viti vya harusi. Mtaa ule ndio wangu. Mama Riziki alionekana kupitia dirisha lile, kwenye foleni ya kisimani, wa nne kutoka mwisho, amejifunga ile khanga ya njano. Nilihisi kisanduku kimekuwa kizito mikononi, na nilimchukia yule Mhandisi kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nikainama, kama mtumishi mzuri, nikatazama zulia.

Namba ilisoma elfu arobaini na moja.

Hapo simu ya Mheshimiwa ikaanza kuita. Aliikata mara tano. Ya sita akaipokea, akaweka sauti ya juu, maana alikuwa ni mkewe na hana siri naye.

"Baba Neema," ikasema sauti, "vaa viatu."

"Nani amekwambia nimevua?"

"Niko saluni. Wote humu tunakuona. Msusi anakuona. Mwenye saluni ana shemeji yake alizikwa Kokoto, amenitoa kwenye kiti nusu kichwa kikiwa hakijasukwa."

"Huwezi kuniona, mama Neema. Sijagongwa muhuri."

"Umeinua mkono sasa hivi. Umeushusha. Umejikuna sikio."

Mheshimiwa Lubasha akautoa mkono sikioni, akautazama kama wa mtu mwingine. Kisha akautazama uso wake kwenye kioo. Sijapata kuona mtu anaogopa picha yake mwenyewe namna ile.

"Zima," akasema.

"Kuna kifungu?" akauliza Mwalimu.

"Zima, mama. Kondo, toa muhuri. Gonga hapa IMEKATALIWA. Ikishagongwa itakuwa imekataliwa tangu asubuhi."

Nikafungua kisanduku. Nikautoa muhuri, wa shaba, mshikio wa mpingo. Nikaupulizia pumzi. Mheshimiwa alikuwa anatafuta fomu kwenye mkoba, hakuiona, alikuwa ameikalia. Mhandisi alikuwa ameshatoka nje, anakimbia kuelekea kwenye gari huku akijifunika uso kwa faili. Mheshimiwa akaacha fomu, akaacha kiatu kimoja, akamfuata. Mlangoni akageuka, akapiga kelele nifungashe haraka.

Mwalimu Perpetua alikuwa anairudisha kamera dirishani, na lile kopo la majani ya chai likateleza tena, likaanguka, likamwagika.

"Kondo," akasema bila kugeuka, "nipe kitu cha kuinulia kamera."

Sikumbuki nilimpa nini. Nakumbuka kwamba nilifunga kisanduku, nikakibeba kwapani, nikapanda gari. Kilikuwa chepesi kidogo, nami nikadhani ni kwa sababu ya mchana ule.

*

Kikao cha dharura kiliitishwa saa kumi. Hotuba ya ufunguzi ilisomwa na Waziri wa Maji na Furaha mwenyewe, ambaye viatu vyake vilikuwa na magamba ya samaki.

"Ndugu wajumbe," alisema, "hakuna kilichotokea. Matangazo hayakuwa na muhuri, kwa hiyo hayakurushwa. Waliotazama hawakutazama. Hata hivyo, kwa usalama wao, wananchi elfu arobaini na moja wanatakiwa wafike ofisi za kata wakiwa na kitambulisho, warudishe walichokiona."

Makofi yakapigwa. Ikapitishwa amri ya kurudisha vilivyoonekana. Ikapitishwa amri ya kukamata kompyuta, pamoja na mwenye kompyuta. Ikapitishwa amri ya kufukia kisima Ijumaa bila kukosa. Karatasi tatu zikapangwa mezani, safi, zinanukia wino.

"Kondo," akasema Waziri, "gonga."

Nikafungua kisanduku. Ndani kulikuwa na kitambaa changu cha kufutia, kimekunjwa vizuri, mara nne.

Mheshimiwa Lubasha, akiwa na kiatu kimoja na kandambili moja, alikiinamia kisanduku akakichungulia kwa muda, akakigeuza juu chini.

"Muhuri uko wapi?"

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya unyenyekevu kabisa, "kwa kanuni ya tatu, Karani haruhusiwi kutoa taarifa zozote za muhuri kwa mtu yeyote bila maombi ya maandishi."

"Tutakuandikia sasa hivi."

"Yaliyogongwa muhuri, mheshimiwa."

Walitazamana. Mmoja akapendekeza uchongwe mwingine; akaambiwa kibali cha kuchonga muhuri hugongwa muhuri. Mmoja akapendekeza nikamatwe. Hati ya kukamata ikaletwa, ikatazamwa pale chini palipo na duara tupu, ikarudishwa. Mmoja akataka kanuni ibadilishwe. Ikaonekana kanuni mpya isiyogongwa haijabadilisha kitu. Nawasifu, walijadili kwa saa tatu wakiheshimu sheria zote walizozitunga. Kisha afande aliyekuwa mlangoni akanipiga kibao, maana kibao hakihitaji muhuri. Likanitoka jino, lile lile nililolisingizia mwaka jana. Nililiokota nikaliweka kwenye kisanduku, kisikae tupu.

Wakati huo wote televisheni kubwa ya ukumbini ilikuwa imewashwa, imesahaulika. Badala ya zile dakika nane, ilikuwa inaonyesha bomba la Kisimani likiwa kavu, na saa ya ukutani ikitembea. Fundi mitambo wa taifa alipoulizwa alisema ameagizwa kila siku aonyeshe bomba mubashara, na yeye ametii.

*

Ijumaa, saa tatu kasoro, tipa lilifika. Mtaa wote ulikuwa umesimama na ndoo. Hakuna aliyetupa jiwe wala kuimba, watu walisimama tu na kutazama kwa macho yanayochoma. Akina mama wa Kokoto nao walikuwa wamekuja, wamevaa nguo za msiba.

Dereva aliitwa Chande, mtu mfupi mwenye kofia ya sufi. Alirudi nyuma taratibu mpaka magurudumu yakagusa ukingo wa kisima, akainua bodi kidogo, kokoto mbili tatu zikadondoka ndani, zikalia majini. Mama Riziki alinishika mkono. Chande akazima injini, akashuka.

"Karatasi," akasema.

Mhandisi Rwechungura, akiwa amevaa miwani myeusi na kofia ya mkewe, akamkabidhi amri. Chande akaisoma yote, midomo ikimcheza. Akafika chini.

"Haina muhuri."

"Muhuri utakuja. Mwaga kwanza."

"Mhandisi," akasema Chande, "dereva wa Kokoto alikuwa kaka yangu. Ulimwambia hivyo hivyo, mwaga kwanza. Akamwaga. Watu walipokufa, mkatazama karatasi, mkaona haina muhuri, mkasema serikali haikuagiza, ni yeye kaamua tu kufukia kisima cha watu. Amefungwa miaka kumi na tisa. Mmoja kwa kila maiti."

"Hii ni amri ya Waziri."

"Igonge, namwaga. Nina watoto, siwezi kushindana na Waziri. Lakini igonge."

Mhandisi akamtazama Mheshimiwa Lubasha, aliyekuwa ndani ya gari na vioo vimepandishwa. Mheshimiwa akatazama mbele. Kule dirishani kwa Mwalimu Perpetua kulikuwa na taa nyekundu ndogo, inawaka, na Mwalimu alikuwa amesimama kando yake na chaki nyuma ya sikio.

"Sogea kushoto kidogo, Mhandisi," akaita. "Unaziba koki. Watu laki mbili wanataka kuiona."

Mhandisi akasogea kushoto. Nadhani hata yeye hakujua kwa nini ametii; Mwalimu alimfundisha kidato cha pili, akampa alama kumi na moja kati ya mia.

Walisimama hivyo hadi saa sita. Kisha Chande akapanda, akawasha tipa, akaondoka na kifusi chake chote, na katika kona ya mtaa akapiga honi mara moja. Hakuna aliyeshangilia. Foleni ikajipanga upya, na mama mmoja wa Kokoto akapewa nafasi ya mbele.

Jioni yake nilikwenda kuchota mwenyewe. Nikapita dirishani kwa Mwalimu, nikamwamkia. Kamera ilikuwa imetulia barabara, inaliona bomba lote kutoka koki hadi kwenye zege. Chini yake palikuwa na kitu kizito cha shaba, chenye mshikio wa mpingo na kitako bapa, urefu wa kiganja hivi.

"Imekaa vizuri sasa, Mwalimu."

"Imekaa," akasema Mwalimu Perpetua. "Haitetereki tena."

Serikali imetangaza kwamba yeyote aliyeuona Muhuri wa Taifa aurudishe mara moja, akiambatisha kibali cha kuuona. Kibali hicho kinatolewa dirisha namba saba, na ili kiwe halali ni lazima kigongwe muhuri. Mimi kibali sina, kwa hiyo sijauona.